Kukomaza mikono au kujenga mwili: kipi kinaongeza uzito wa ngumi?

Katika vilabu vya ngumi na kumbi za karate za Lubumbashi, kuanzia mitaa ya Kenya na Katuba hadi Kamalondo, swali hili huzuka karibu kila anapojiunga mwanafunzi mpya: je, mkono ukikomazwa kwa kugonga vitu vigumu, pigo linakuwa zito zaidi? Wapo vijana wanaotumia muda mwingi wa mazoezi kugonga gurudumu la lori, nguzo au gunia la mchanga kwa mikono mitupu, na wapo wengine wanaofunga bandeji, kuvaa glavu na kuutumia muda huohuo kwenye mfuko mzito, kamba ya kuruka na mazoezi ya miguu. Njia zote mbili zinadai jasho na subira, na kwa kuwa wengi wetu tunafanya mazoezi jioni baada ya kazi au masomo, hakuna aliye na saa za kutosha kufanya kila kitu. Ni lazima kuchagua.

Nautaja msimamo wangu mapema ili msomaji aupime kadiri ninavyoendelea. Kukomaza mikono hakuzalishi nguvu. Kunachofanya ni kuamua ni kiasi gani cha nguvu uliyo nayo tayari mkono unaweza kukipitisha bila kuumia. Hilo si jambo dogo, na kwa baadhi ya watu ni la lazima, lakini ni jambo tofauti kabisa na lile ambalo vijana wengi wanadhani wanalipata wanapogonga nguzo.

Nguvu inakotoka

Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza walipima ngumi za mabondia wa viwango vitatu kwa kifaa kilichoundwa mahsusi kwa kazi hiyo. Mkono wa nyuma wa mabondia wa kiwango cha juu ulipiga kwa wastani wa nyutoni (kipimo cha nguvu) 4,800, wa kiwango cha kati nyutoni 3,722, na wa wanaoanza nyutoni 2,381. Takwimu hizo hunukuliwa mara nyingi, lakini ile ninayoiona kuwa na maana zaidi kwa swali letu husomwa haraka na kuachwa: mkono wa mbele wa mabondia walewale wa kiwango cha juu ulitoa nyutoni 2,847 tu. Mtu ni yuleyule, mikono yote miwili imepitia miaka ileile ya mazoezi, na bado mmoja umeuzidi mwenzake kwa karibu nyutoni elfu mbili. Hata tukikumbuka kwamba mkono wa nyuma kwa kawaida ndio ule ambao mtu ameuzoea zaidi, pengo kubwa kiasi hicho haliwezi kuelezwa kwa ugumu wa ngozi wala wa mifupa. Linaelezeka kwa sababu mkono wa nyuma unasafiri umbali mrefu zaidi, na nyuma yake kuna mguu unaosukuma ardhi, nyonga inayogeuka na kiwiliwili kinachofuata, ilhali mkono wa mbele hauna nafasi ya kukusanya msukumo wote huo.

Utafiti wa Umoja wa Kisovyeti uliochapishwa mwaka 1985 ulijaribu kugawa mchango wa kila sehemu ya mwili katika pigo moja. Kwa mabondia waliobobea, msukumo wa miguu ulichangia zaidi ya theluthi moja ya nguvu yote. Kwa wale wa kiwango cha chini, miguu ilichangia takriban sehemu moja kati ya sita, nao wakategemea zaidi mkono wenyewe. Tofauti kati ya bondia mzoefu na anayeanza, kwa maneno mengine, ilionekana kwanza kwenye nyayo.

Mwaka huohuo Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu wa Uingereza, alipimwa maabara. Ngumi yake ilifika kwenye shabaha kwa mwendo wa mita 8.9 kwa sekunde na kutoa nyutoni 4,096, na watafiti wakaifananisha na nyundo ya mbao yenye uzito wa kilo 6, iliyofunikwa kwa kitu laini, ikirushwa kwa mwendo wa kilomita 32 hivi kwa saa. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake hakifiki hata kilo moja. Hizo kilo nyingine ni za mkono mzima, bega na mwili uliounganishwa na ngumi kwa wakati unaofaa, na ule ulaini wa uso wa nyundo haukuizuia kuwa nyundo.

Kuna jambo la mwisho kuhusu chanzo cha nguvu, nalo ni wakati. Mwaka 2010 Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba kwa wapigaji waliobobea misuli ya kiwiliwili hukaza mara mbili: mara ya kwanza pigo linapoanza, kisha inalegea ili mkono upate kasi, halafu inakaza tena pale ngumi inapogusa. Mtu anayekaza mwili wote tangu mwanzo hupoteza kasi, na mtu asiyekaza mwishoni hupoteza uzito. Ujuzi huo hauji kwa kugonga ukuta.

Mkono uliokomazwa: unachopata na unachokosa

Desturi ya kukomaza mikono ina historia ndefu na ya heshima, na sitaki kuidharau. Wanakarate wa Okinawa waligonga makiwara, yaani ubao uliosimikwa ardhini na kufungwa kamba za majani ya mpunga kwa juu. Katika sanaa za mapigano za China wapo wanaopiga viganja kwenye mfuko wa maharage, kisha wa changarawe, kisha wa vipande vya chuma, wakipaka dawa ya mitishamba kila mara. Mabondia wa Uingereza na Marekani wa zama za ngumi tupu waliloweka mikono kwenye maji ya chumvi ili ngozi iwe ngumu. Pambano la mwisho la ubingwa wa uzito wa juu kwa mikono mitupu, kati ya John L. Sullivan na Jake Kilrain, lilifanyika Mississippi tarehe 8 Julai 1889 na kwenda raundi 75. Katika desturi hizi zote mkono ulikomazwa kwanza ili usivunjike na usichanike, na hapo ndipo faida yake halisi ilipo.

Mwili hubadilika kwa namna kadhaa unapogonga kitu kigumu mara kwa mara. Ngozi juu ya vifundo vya vidole hufanya sugu, na hilo huonekana baada ya majuma machache. Mifupa nayo huitikia mzigo inaobebeshwa, kama alivyoeleza daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, mwaka 1892, lakini huitikia polepole, kwa miezi na hata miaka, na huitikia vizuri pale tu mzigo unapoongezwa kidogo kidogo na mapumziko kupatikana. Gegedu, yaani ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, haifuati kanuni hiyo: haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikishaharibika hupona kwa shida sana. Kijana anayemwambia kocha wake, "Kocha, mkono umeshazoea, sisikii tena maumivu," hajasema kitu chochote kuhusu hali ya gegedu lake.

Faida ambayo watu wengi huichanganya na nguvu ni ujasiri. Mtu anayeogopa kuumia hupunguza pigo lake mwenyewe bila kujua. Hulegeza mkono sentimita chache kabla ya kugusa, au hukunja kifundo cha mkono ili kujikinga. Akikomaa, hofu hiyo hupungua na pigo hufika lote. Kwa hiyo anaposema kwamba tangu aanze kugonga makiwara ngumi yake imekuwa nzito, hasemi uongo. Nguvu ilikuwapo tangu awali, ila sasa hakuna kinachoizuia njiani. Lakini bandeji iliyofungwa vizuri na glavu yenye sponji ya kutosha huondoa hofu hiyohiyo siku ya kwanza.

Haki inanitaka nitaje pia ushahidi ulio upande wa wanaokomaza. Mwaka 1985 jarida la tiba ya michezo la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa mikono ya walimu 22 wa karate waliopigwa picha za eksirei, na haikuonekana kwamba walikuwa wamepata ugonjwa wa viungo mapema kwa sababu ya mazoezi yao. Hao, hata hivyo, walikuwa walimu, watu waliofundishwa kwa utaratibu na kudumu. Waliovunjika wakaacha mapema hawawezi kuonekana katika kundi kama hilo.

Kuna kasoro moja ninayoiona mara nyingi hapa kwetu na inayostahili kuelezwa kwa karibu. Makiwara halisi hukatwa nyembamba kuelekea juu ili ubao uyumbe ukigongwa na kurudi mahali pake. Kule kuyumba ndiko kunakomfundisha mpigaji kusukuma hadi mwisho, na ndiko kunakopunguza mshtuko unaorudi kwenye mkono. Katika nyua zetu nguzo inayosimikwa ni gogo la mti mgumu wa miombo, nene kama la kujengea nyumba, au bomba la chuma lililofungwa vitambaa. Kitu hicho hakiyumbi hata kidogo. Mshtuko wote humrudia mpigaji, naye, bila kuambiwa na mtu, hujifunza kugusa na kurudisha mkono haraka, tabia ambayo ni kinyume cha ile aliyoitafuta. Atakayetaka kujua kama nguzo yake inafaa aweke kiganja juu yake na kuisukuma kwa uzito wa mwili: isipoyumba, afadhali aitumie kuanikia nguo. Gurudumu la lori lililofungwa ukutani ni bora kuliko gogo, kwa kuwa ubavu wake unabonyea, ila apige ubavu huo na wala si sehemu ya kukanyagia barabara, ambayo ndani yake mna nyaya za chuma.

Kuhusu ukuta na jiwe sina haja ya kusema mengi. Havifai.

Kifundo cha mkono na bandeji

Njia ya tatu husahaulika kwa sababu haivutii macho, nayo ndiyo ningemshauri karibu kila mtu aianze kabla ya hizo nyingine mbili. Kati ya nguvu inayotoka mguuni na shabaha inayopigwa kuna daraja moja jembamba, yaani kifundo cha mkono. Kikikunjika wakati wa kugusa, hata kwa kiasi kidogo, sehemu ya msukumo hupotea na kano hubeba mzigo usio wao.

Mpangilio sahihi hujaribiwa hivi: kunja ngumi, weka vifundo vya kidole cha shahada na cha kati kwenye ukuta, nyoosha mkono, kisha egemea polepole kwa uzito wa mwili bila kugonga. Mgongo wa kiganja na mkono wa chini vinatakiwa viwe mstari mmoja ulionyooka. Ukihisi uzito unahamia upande wa kidole kidogo, au kifundo kinapinda kwenda chini, umegundua tatizo la pigo lako bila kuumia. Vifundo hivyo viwili vya kwanza havikuchaguliwa ovyo: mifupa ya kiganja inayovibeba imeshikamana kwa uthabiti na mifupa ya kifundo cha mkono na karibu haisogei, ilhali ile ya kidole cha pete na kidole kidogo husogea. Ndiyo maana mfupa unaovunjika zaidi kwa watu wanaogonga kwa hasira ni wa kidole kidogo, karibu na shingo yake, baada ya pigo la kuzungusha kutua upande usiofaa.

Mazoezi yenyewe ni mepesi kuyapata. Pushapu za ngumi juu ya mkeka au ardhi laini huimarisha kifundo bila mshtuko. Kubeba ndoo mbili za maji kwa mwendo mrefu hujenga mshiko, na mama zetu wanaochota kwenye kisima wanalijua hilo kuliko wakufunzi wengi. Kukamua taulo lililolowa, kupindisha kijiti kilichofungiwa tofali kwa kamba hadi tofali lipande na kushuka, na kuning'inia kwenye bomba kwa sekunde kadhaa, vyote huongeza nguvu ya mkono wa chini. Bandeji nayo ifungwe kwa mpango, mizunguko kadhaa kwenye kifundo, kisha kwenye vifundo vya vidole, kisha kati ya vidole, na imalizike tena kwenye kifundo. Mkono ukiwa wazi usibane, ukikunja ngumi ndipo bandeji ikaze.

Mfuko, miguu na nyonga

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu mabondia wa ridhaa wa Brazil ulionyesha kwamba waliokuwa na nguvu zaidi za kuruka wakiwa na uzito na za kusukuma kwa kifua ndio pia waliopiga kwa nguvu zaidi. Kwa mtu wa Lubumbashi asiye na mashine, hiyo ina maana ya kuchuchumaa na gunia begani, kuruka, kupanda mteremko mbio, na kurusha kitu kizito ukutani kwa kuzungusha nyonga. Mpira wa zamani wa miguu ukijazwa mchanga na kushonwa hufanya kazi hiyo vizuri.

Mfuko mzito unahitaji uangalifu katika kujazwa, kwa sababu hapa ndipo njia nzuri inapogeuka kuwa mbaya. Mchanga mtupu huteremka chini, na msimu wa mvua, kati ya Novemba na Machi, hunyonya unyevu na kushikamana, hata nusu ya chini ya mfuko ikawa ngumu kama zege ilhali nusu ya juu inabonyea. Bondia anayeshuka kupiga tumbo basi anagonga jiwe. Mitumba iliyokatwa vipande na kushindiliwa tabaka kwa tabaka ndiyo ijazo bora, na anayetaka uzito zaidi aweke mchanga kidogo ndani ya vifuko vidogo vilivyofungwa, katikati kabisa ya mitumba, mbali na uso unaopigwa.

Mji huu una mfano wake wa kuutazama. Sumbu Kalambay, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1956 na kufanya kazi yake ya ngumi Italia, alimshinda Iran Barkley mwezi Oktoba 1987 na kutwaa mkanda wa WBA (Chama cha Ngumi cha Dunia) wa uzito wa kati, kisha mwezi Machi 1988 akamshinda Mike McCallum, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amepoteza pambano lolote. Sifa yake ilikuwa miguu, umbali na mkono wa mbele uliofika kwa wakati. Na alipoangushwa na Michael Nunn katika raundi ya kwanza, Las Vegas, Machi 1989, aliangushwa na pigo moja la kushoto kutoka kwa mtu aliyesifiwa zaidi kwa wepesi kuliko kwa uzito wa mikono. Pande zote mbili za historia yake, ushindi na kushindwa, zinaelekeza mahali pamoja: pigo linalomaliza pambano ni lile lililoungana na mwili wote na kumkuta mpinzani hajajiandaa.

Tukizipima pamoja

Kwa upande wa muda, mazoezi ya mwili na ufundi huleta mabadiliko yanayohisika ndani ya miezi miwili au mitatu, kifundo na mshiko takriban hivyohivyo, ilhali mkono unakomaa kwa miaka. Kwa gharama, kukomaza ni rahisi mno kuanza, kwani nguzo na gurudumu hupatikana bure au kwa fedha kidogo, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa gharama halisi hulipwa hospitali. Mfuko, bandeji na glavu vinahitaji fedha kwanza, lakini klabu inaweza kuvimiliki kwa pamoja. Kwa hatari hakuna ulinganisho wa maana: mtu anayechuchumaa na gunia vibaya huumwa mgongo au goti kwa siku kadhaa, mtu anayegonga nguzo vibaya anaweza kupoteza uwezo wa kukunja kidole. Na kwa kile tunachokitafuta hasa, yaani uzito wa ngumi, kukomaza mkono kunaulinda, kifundo cha mkono kinaupitisha, mazoezi ya mwili na ufundi pekee ndiyo yanayouumba.

Nani achague nini

Bondia wa ridhaa, ambaye kila pambano lake litakuwa na bandeji na glavu, hana sababu ya kutenga hata siku moja ya juma kwa ajili ya kukomaza. Muda wake uende kwenye miguu, nyonga, mfuko na kifundo cha mkono, kwa mpangilio huo.

Mwanakarate anayepiga kwa mkono mtupu, kuvunja mbao au kufuata mtindo unaoruhusu mapigo kamili mwilini ana hoja tofauti, na kwake makiwara ni sehemu ya elimu. Aanze baada ya kujua kunyoosha kifundo, apige mapigo machache kwa nguvu ndogo, mara mbili au tatu kwa juma, na aongeze nguvu pale tu mkono unapoamka asubuhi bila uvimbe wala ugumu. Asubuhi za baridi za Juni na Julai apashe mikono moto kwanza, kwa kuwa ngozi kavu hupasuka haraka na kidonda kwenye kifundo cha kidole hupona polepole.

Kwa watoto na vijana ambao hawajamaliza kukua nina jibu moja tu, nalo ni hapana. Ncha za mifupa yao bado zina sehemu laini za ukuaji, na katika mikono mingi hufunga kati ya miaka 14 na 17. Mzazi anayemleta mtoto klabuni ana haki ya kumuuliza mwalimu waziwazi kama watoto hugonga vitu vigumu, na mwalimu akijibu kwamba ndivyo wanavyofanywa wanaume, mzazi ampeleke mtoto wake kwa mwalimu mwingine.

Fundi umeme, mshonaji, mwashi, mtu wa kompyuta, yeyote anayekula kwa mikono yake, apime jambo hili kwa namna yake. Kwake mkono mmoja kuwa ndani ya plasta kwa majuma manne hadi sita ni kodi ya nyumba isiyolipwa, na hakuna ngumi ya mazoezini inayofikia bei hiyo.

Anayeumia asikimbilie kukandwa. Kifundo cha kidole kikionekana kimezama, kidole kikipinda juu ya mwenzake anapokunja ngumi, au uvimbe usipopungua ndani ya siku mbili, apigwe picha ya eksirei kwanza, kwa sababu mfupa uliovunjika ukikandwa unaweza kusogea na kuunga vibaya. Na akisharuhusiwa kurudi mazoezini, miguu na nyonga havikuvunjika: arudi kwa hivyo siku hiyohiyo, na mkono uanze na kuegemea ukuta bila kugonga.